Gawio linaingia, bei imelala: mfuko wa majengo unapimwaje?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama kumi na wanne hapa Kijitonyama. Tulianza na mchezo wa kupeana, tukaendelea na kukopeshana, na sasa tuna akiba ya shilingi milioni 18 benki. Shemeji yangu anayefanya kazi Nairobi katuletea makaratasi ya REIT, yaani ule mfuko unaokusanya fedha za watu wengi, ukanunua majengo, ukayapangisha, na kodi ikagawiwa kwa wenye vipande. Anasema unalipa gawio la asilimia saba na nusu kila mwaka bila kukosa. Mimi nimeangalia mchoro wa bei wa miaka mitatu: kipande kilianza kwa shilingi 20 za Kenya, sasa ni 19. Mwenzetu mmoja anasema hiyo ni biashara iliyokufa, bora tununue fremu mbili Goba. Kila moja inapangishwa kwa 120,000 kwa mwezi, na mwenyewe anataka hizo hizo milioni 18. Mwingine anasema bei haina shida maadamu gawio linaingia. Jumamosi tunakutana tuamue. Mama, mtu anajuaje kama mfuko wa namna hii umefanya vizuri au vibaya?
Mweka hazina, Kijitonyama

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni, kwa sababu kutoka mchezo hadi milioni 18 bila kugombana si kazi ndogo. Jina la mfuko nimeliondoa kwenye barua yako. Swali lako linafaa kwa mfuko wowote wa aina hiyo, na sitaki mtu asome hapa kisha akimbilie kununua au kuuza kwa sababu ya jina. Lakini makaratasi uliyonitumia nimeyasoma yote, pamoja na zile kurasa za nyuma zenye maandishi madogo, na huko nyuma ndiko nitakakokupeleka.

Wenzako wawili kila mmoja kashika nusu ya hesabu. Anayetazama bei peke yake kasahau fedha iliyokwisha kuingia mkononi, na anayetazama gawio peke yake kasahau mtaji uliopungua. Ziunganishe. Kipande kimenunuliwa kwa shilingi 20. Kwa miaka mitatu kimelipa shilingi 1.50 kila mwaka, jumla 4.50. Leo kinauzwa 19. Mwenye kipande akiuza leo, jumla ya alichopata ni 23.50. Faida yake ni 3.50 juu ya 20, sawa na asilimia 17.5 kwa miaka yote mitatu, na ukiipeleka kwenye hesabu ya mwaka mmoja mmoja unapata asilimia 5.5 hivi. Hapo sijagusa kodi ya gawio wala ada ya dalali, ambaye hulipwa unaponunua na hulipwa tena unapouza. Shemeji yako hakudanganya aliposema saba na nusu. Ametaja gawio, akainyamazia bei.

Sasa hiyo 5.5 ni nyingi au ni kidogo? Namba ya faida ikikaa peke yake haisemi kitu, lazima uiweke kando ya kitu ambacho mngeweza kukifanya na fedha hiyo hiyo. Mwaka 2021 Benki Kuu yetu ilipouza hatifungani ya miaka 25 kwa mara ya kwanza, yaani karatasi ya kuikopesha Serikali, kuponi yake, ile riba ya kila mwaka, ilikuwa asilimia 15.95. Mwaka uliofuata viwango vikashushwa, ya miaka 25 ikawa 12.56, na watu wakalalamika sana. Lakini hata huyo aliyenunua kwa 12.56 anapokea riba yake kila baada ya miezi sita, riba ya hatifungani hizo haikatwi kodi, na hana lifti ya kutengeneza wala mpangaji wa kufuatilia. Mfumuko wa bei hapa kwetu kwa miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia 3. Kwa hiyo mfuko wenu umeushinda mfumuko wa bei, ila hatifungani imeuacha mbali. Kitu chenye hatari zaidi kinapaswa kumlipa mtu zaidi. Hapa kimelipa chini ya nusu.

Kuna jambo ambalo makaratasi ya Nairobi hayawezi kukuambia kwa sababu hayakuandikwa kwa ajili ya mtu wa Dar es Salaam. Nyinyi mnachanga shilingi za Tanzania na siku ya kugawana mtataka shilingi za Tanzania. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160 za Kenya. Kabla Machi haijaisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Shilingi yetu kwa dola haikusogea sana katika wiki hizo. Maana yake shilingi moja ya Kenya iliyokuwa kama 16 zetu ikawa kama 19 na nusu. Kipande cha 19 kikatoka kwenye 300 zetu kikafika 370, na hakuna jengo lililopakwa hata rangi. Aliyeuza wakati huo alitamba kwamba mfuko ni mzuri, ilhali fedha ile aliipata kwenye kubadilisha sarafu, na mwaka mwingine mlango huo huo unaweza kumtoa na hasara. Fanyeni hesabu mbili, moja kwa shilingi ya huko ili mjue majengo yamefanya nini, na ya pili kwa shilingi yetu ili mjue nyinyi mmepata nini.

Tuje kwenye gawio lenyewe, kwa sababu naona ndilo lililowavutia. Kulipa gawio kwa mfuko wa majengo ni sharti. Kenya inautaka ugawe angalau asilimia 80 ya mapato halisi. Marekani, ambako mifuko hii ilianzishwa kwa sheria mwaka 1960, wanataka asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi. Kwa hiyo gawio kuingia kila mwaka hakumsifu msimamizi. Cha kutazama ni fedha hiyo imetoka wapi. Fungua ukurasa wa mtiririko wa fedha kwenye hesabu zilizokaguliwa, tafuta mstari wa fedha iliyotokana na uendeshaji, kisha shuka chini mpaka kwenye gawio lililolipwa. Kwenye makaratasi yako, mwaka wa kwanza uendeshaji ulileta milioni 262 za Kenya na gawio likachukua milioni 240. Hapo pametulia. Mwaka wa tatu uendeshaji umeleta milioni 221, gawio bado ni milioni 240. Hizo milioni 19 zilizopungua zimetoka wapi? Teremka mistari minne, utaukuta mkopo wa muda mfupi. Mfuko umekopa ili gawio lionekane halijapungua. Mimi nilipouona mstari ule niliweka kalamu chini, kwa sababu kwenye kurasa za mbele zenye picha za majengo na tabasamu za wakurugenzi, gawio hilo hilo limeandikwa kwa herufi nene kuwa ni thabiti.

Na usidanganyike na asilimia inayopanda. Gawio la 1.50 kwenye bei ya 20 ni asilimia 7.5, na kwenye bei ya 10 lingekuwa asilimia 15. Asilimia imekua mara mbili kwa sababu bei imeporomoka. Marekani kuna mfuko wa majengo ya hospitali unaoitwa Medical Properties Trust. Mwanzoni mwa 2022 hisa yake ilikuwa juu ya dola 20. Bei iliposhuka, asilimia ya gawio ilipanda mpaka ikawa tamu machoni, na watu wengi wakanunua kwa ajili ya hiyo asilimia. Agosti 2023 gawio la robo mwaka likakatwa kutoka senti 29 hadi 15, na Mei 2024 mpangaji wake mkubwa, Steward Health Care, akaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Bei ilianza kushuka mapema kwa sababu waliokuwa wakiuza walikuwa wameshamtilia shaka mpangaji.

Ndiyo maana nasema mpangaji ndiye habari yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Kabla ya kustaafu nilikuwa kwenye uhasibu wa majengo maeneo ya Posta. Daftari la wapangaji lina safu chache tu: jina, sakafu, mita za mraba, kodi, tarehe ya mkataba kuisha, na ya mwisho ambayo wasimamizi hawapendi kuitoa nje ya ofisi, malimbikizo. Jengo linaweza kuandikwa kwamba limejaa asilimia 95 na bado theluthi ya wapangaji wakawa wanadaiwa miezi mitano. Wapo, taa zinawaka, kibao kiko mlangoni, na hawalipi. Ripoti yako inatangaza kwa fahari kwamba majengo yamejaa kwa asilimia 91. Sawa. Lakini kwenye maelezo ya hesabu, ukurasa wa wadaiwa, kodi isiyolipwa kwa zaidi ya siku 90 imekua karibu mara mbili tangu mwaka wa kwanza. Hiyo inaelezea kwa nini fedha ya uendeshaji imepungua wakati majengo yamejaa.

Kisha ipo ile jedwali ya wapangaji wakubwa. Supamaketi moja inatoa asilimia 31 ya kodi yote ya mfuko, na mkataba wake umebakiza miezi kumi na minne. Sisi watu wa Dar hatuhitaji kuhadithiwa supamaketi kubwa ikiondoka inakuwaje. Uchumi walifunga maduka yao Tanzania mwaka 2015. Nakumatt walichukua maduka ya Shoprite mwaka 2014, na baada ya miaka michache nao hawakuwepo. Supamaketi ikifunga haiondoki na kodi yake tu. Duka la simu, la viatu, la dawa na mgahawa wa juu yote yanaishi kwa watu waliokuja kununua unga na sabuni. Ndani ya miezi sita na wao wanakuja ofisini kuomba punguzo la kodi au kuaga.

Kuhusu ofisi vilevile. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma na wizara zikaanza kufungasha, maghorofa ya katikati ya mji yalibaki na sakafu tupu, na wenye majengo wakaanza kukubali kodi ambazo mwaka mmoja kabla wasingezisikiliza. Hakuna msimamizi aliyekosea hapo, mpangaji mkubwa kuliko wote mjini alihama. Kwa hiyo ukiona mfuko una ofisi, uliza wapangaji ni akina nani na wana sababu gani ya kubaki mtaa huo.

Sasa bei ya 19. Uliniuliza kama bei imelala, nami nikutumie swali: ni vipande vingapi viliuzwa mwezi uliopita? Ubao unaweza kuonyesha 19 wiki nzima kwa sababu hakuna aliyenunua wala aliyeuza, na 19 ni bei ya muuzaji wa mwisho aliyepata mnunuzi wa vipande mia mbili. Siku kikundi chenu kikitaka kuuza vipande maelfu, mnaweza kukuta mnunuzi yuko kwenye 15. Mwambie dalali akuonyeshe maombi ya kununua yaliyopo mezani, bei na idadi, kabla hamjanunua. Msisubiri siku ya kutoka.

Nairobi kuna mfano ambao kila anayefikiria mifuko hii Afrika Mashariki anapaswa kuujua. Fahari ulikuwa mfuko wa kwanza wa majengo ya kupangisha kuorodheshwa soko la hisa la Nairobi, Novemba 2015, kwa shilingi 20 kipande. Ulikusanya takriban bilioni 3.6, kidogo sana kuliko ilivyotarajiwa. Jengo lake kubwa lilikuwa Greenspan, Donholm, na mpangaji mkubwa hapo alikuwa Tuskys, supamaketi iliyokuja kusambaratika. Naivas ndiyo ikachukua nafasi. Bei ya kipande ilishuka mwaka hadi mwaka mpaka ikaingia tarakimu moja, ingawa thamani ya majengo kwenye vitabu, ukiigawa kwa idadi ya vipande, ilikuwa juu zaidi. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo wakapewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11, na Februari 2024 mfuko ukaondoka kwenye soko kuu. Hebu fikiria aliyeingia kwa 20 siku ya kwanza na kutoka kwa 11. Gawio alipokea, ndiyo, lakini miaka minane ya gawio ilibidi kwanza izibe shimo la shilingi 9 ndipo ianze kuitwa faida.

Watu husema kipande kikiuzwa chini ya thamani ya jengo basi ni bei ya kutupa, ununue. Sikubaliani nao kirahisi. Mfuko mdogo una gharama zilezile za msimamizi, mdhamini, mkaguzi, mthamini na ada za soko, ziwe bilioni tatu au bilioni thelathini. Gharama hizo hutoka kwenye kodi kabla yako. Soko linapoweka bei chini ya thamani ya vitabu huwa mara nyingi limezihesabu, na limehesabu pia kwamba huwezi kuuza robo ya ghorofa kesho asubuhi.

Mkopo sitaukalia sana. Tafuteni riba tu. Riba ya Benki Kuu ya Kenya ilifika asilimia 13 Februari 2024, na benki za biashara hukopesha juu ya hapo. Jengo linaloleta asilimia 8 ya thamani yake huku mkopo wake ukidai 14 linafanya kazi kwa ajili ya benki.

Na jambo ambalo ningeliuliza kabla ya yote haya: je, kikundi chenu kinaruhusiwa kununua? Baadhi ya mifuko ya Kenya, kama LAPTrust Imara ulioorodheshwa 2023, iko kwenye sehemu ya soko iliyotengwa kwa wawekezaji wa kitaalamu. Shemeji yako aulize kwa maandishi.

Fremu za Goba lazima zipite kwenye mzani uleule, zisipewe huruma kwa sababu zinaonekana kwa macho. Fremu mbili kwa 120,000 ni 2,880,000 kwa mwaka, asilimia 16 ya milioni 18. Hiyo ndiyo namba ya mwenye kuuza. Weka miezi miwili kila fremu ikae tupu, maana mpangaji wa duka hahami leo mwingine akaingia kesho: inabaki 2,400,000. Toa asilimia 10 ya kodi ya zuio ya pango, inabaki 2,160,000. Toa laki mbili za bati, mlango, choo na umeme: 1,960,000. Hiyo ni kama asilimia 11 kwa mwaka, na ardhi ya Goba huenda ikapanda. Kwa namba hizi fremu zimeushinda mfuko. Lakini akina mama kumi na wanne wanamiliki kiwanja kimoja kwa jina la nani? Kimepimwa? Mmoja akiumwa akitaka sehemu yake, mtavunja fremu moja? Vipande vya mfuko mtauza kidogo kidogo hata kama bei inauma. Ukuta hauuziki nusu.

Umeniuliza namna ya kupima, na nimejibu, lakini najua Jumamosi utaulizwa Mama anasema nini. Kwa makaratasi haya, kwa bei ya 19, mimi nisingenunua mpaka msimamizi aeleze zile milioni 19 za mkopo na mkataba wa supamaketi usainiwe upya. Ningepeleka sehemu kubwa ya fedha kwenye hatifungani, ambayo kwa minada ya Benki Kuu mtu anaanza na milioni moja, na fremu ningezirudia baada ya mwanasheria kuona hati. Huo ni uamuzi wangu kwa namba hizi. Zikibadilika, nami nabadilika.

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma mwaka wa pili hapa IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Mwalimu ametufundisha kwamba mfuko wa majengo hupimwa kwa kuchukua faida, kurudisha uchakavu wa majengo na kuondoa faida ya kuuza mali. Nimechukua hesabu za mfuko mmoja wa Nairobi nijaribu, sikuona uchakavu wa majengo kabisa. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Hujakosea, umekutana na tofauti ya vitabu. Kanuni aliyokufundisha mwalimu wako iliwekwa na chama cha mifuko ya majengo cha Marekani mwaka 1991, kwa sababu huko jengo huandikwa kwa gharama ya kulinunua na kila mwaka hupunguzwa uchakavu. Faida inaonekana ndogo kuliko fedha iliyopo, kwa hiyo wanairudisha.

Huku kwetu, Tanzania na Kenya, tunafuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, na mifuko hii huandika majengo kwa thamani ya soko. Kila mwaka mthamini anakuja, anasema jengo limepanda au limeshuka, na hiyo tofauti inaingia moja kwa moja kwenye faida. Kwa hiyo unachopaswa kuondoa ni mabadiliko ya thamani. Mfuko unaweza kutangaza faida ya milioni 400 ambapo milioni 230 ni maoni ya mthamini, na hakuna mpangaji aliyelipa hata senti ya hizo. Ziondoe, kisha uone kama zilizobaki zinafanana na fedha ya uendeshaji. Zisipofanana, rudi kwenye wadaiwa.

Ukishamaliza hapo soma pia aya ya mthamini. Tazama ametumia asilimia gani kugeuza kodi ya mwaka kuwa thamani ya jengo. Jengo la kodi ya milioni 80 likipimwa kwa asilimia 8 lina thamani ya bilioni moja, na kwa asilimia 10 ni milioni 800. Mbili tu za asilimia, na milioni 200 zimepotea kwenye karatasi. Mwaka 2022 riba zilipopanda duniani, ndicho kilichoyapata masoko: mifuko ya majengo ya Marekani kwa jumla ilipoteza karibu robo ya thamani, gawio likiwa ndani ya hesabu, na wengi wa wapangaji wao walikuwa wanalipa kama kawaida. Hapo utaelewa kwa nini simpimi msimamizi kwa mwaka mmoja. Nampima kwa kodi aliyokusanya, na muda naotaka kuona ni miaka mitano.

SWALI: Mama, kwa nini tuhangaike na Nairobi? Hapa Dar hatuna mfuko wa majengo? Nimesikia Faida Fund ni ya nyumba.
Mwalimu, Mbezi

JIBU: Sheria tunayo. Kanuni za mifuko ya uwekezaji katika majengo ziko tangu 2011 chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Watumishi Housing walipata kibali cha kuendesha mfuko wa namna hiyo. Ndio waliojenga nyumba za watumishi zikiwemo za Gezaulole, Kigamboni. Faida Fund, iliyozinduliwa 2022, inasimamiwa na taasisi hiyo hiyo, na nadhani ndiyo sababu watu wanachanganya. Lakini Faida ni mfuko wa pamoja wa kawaida, unaweka fedha kwenye vitu kama hatifungani na amana za benki. Ukinunua kipande cha Faida hujanunua nyumba, na usiupime kwa kodi ya pango. Upime kwa thamani ya kipande inayotangazwa, tarehe uliyoingia na tarehe ya leo, kando ya mifuko ya pamoja ya UTT, taasisi ya Serikali, iliyo ya aina hiyo hiyo.

Siku mfuko wa majengo ya kupangisha ukiorodheshwa hapa kwenye soko letu la hisa, mwalimu, nitafurahi kuliko wengi, na swali la kwanza nitakalomwuliza msimamizi litakuwa la mikataba. Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na maghorofa mengi ya Dar yalikuwa yakipangishwa kwa dola. Nitataka kujua mikataba hiyo iligeuzwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku gani, na kama ina kifungu cha kupandisha kodi kila mwaka.